Jani Ambalo Redempta Hakulipeleka

Redempta alikuwa akipiga pasi marinda ya sketi za shule alizoshona, barazani kwake mtaa wa Mawenzi, simu ilipoita. Namba ya Ubelgiji. Mdogo wake Vedastus hakuwa amempigia tangu Pasaka, kwa hiyo aliitikia kwa shangwe, pasi bado mkononi.

"Dada, wamenikatalia," Vedastus alisema.

Huu ulikuwa mwaka wa tatu tangu aombe hifadhi huko. Aliwaeleza kwamba anapenda wanaume wenzake, kwamba nyumbani Uru alipigwa na kufukuzwa kwenye kihamba, shamba la ukoo la baba yake, na kwamba akirudi hana usalama. Maofisa wakataka kuona jumbe alizoandikiana na ndugu zake. Wakakuta mmoja wa Redempta, wakaunukuu kwenye barua ya kumkatalia. Vedastus akamsomea:

"Rudi nyumbani, mdogo wangu. Nimempelekea baba jani la isale kwa niaba yako, amelipokea. Yameisha."

Redempta akaizima pasi.

"Wanasema familia imeshanisamehe kwa mila zetu, kwa hiyo sina cha kuogopa. Wakili wangu ameomba uamuzi upitiwe upya. Ila kwanza niambie, dada. Baba alilipokea?"

Mchagga anaujua uzito wa isale. Aliyekosa akija na jani lile mkononi, hata kama kosa lake linatisha, aliyekosewa hamfukuzi. Ndiyo maana Redempta aliyachagua maneno yale. Wakati ule mama yao, Mektrida, alikuwa amelazwa, amebaki mifupa, na kila akifumbua macho aliuliza Vedastus yuko wapi. Redempta akauandika ujumbe ule kando ya kitanda, akijua hakuna kingine cha kumvuta mdogo wake. Jani hakulikata. Kwa baba hakwenda. Vedastus hakupata njia ya kusafiri, mama akafariki wiki ileile, na uongo ukabaki ulivyo kwa sababu hakuna aliyeuliza.

"Sikulipeleka," alisema.

"Kwenye mahojiano waliniuliza kama dada yangu ni mtu wa kusema uongo," Vedastus alisema. "Nikawaambia hapana. Nikawaambia dada yangu hawezi."

Wakili wa kule alihitaji kiapo cha mtu wa nyumbani. Alhamisi Redempta alifunga kazi mapema, akapanda ngazi hadi ofisi ya wakili mmoja mjini, mama wa makamo aitwaye Hilda. Hilda alimsikiliza, akavuta karatasi.

"Siku aliyopigwa ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Akaeleza jinsi kaka yao mkubwa, Antoni, alivyokuja na vijana watatu, wakamtoa Vedastus kwenye banda la kahawa, wakampiga kwa mipini ya majembe hadi mkono ukavunjika. Baba yao, mzee Valerian, alisimama mlangoni asiseme neno. Mwisho akatamka kwamba huyu asizikwe kwenye ardhi yake. Hilda aliandika yote.

"Antoni alijuaje habari za mdogo wenu?"

Redempta aliangalia vidole vyake vilivyochomwa na sindano miaka ishirini. Angeweza kusema majirani. Majirani wangebeba lawama hiyo, kama wanavyobeba mengi.

"Mimi ndiye nilimwambia. Niliona picha kwenye simu ya Vedastus, yeye na kijana mmoja, Damian. Nilidhani Antoni atamkanya tu." Akatikisa kichwa. "Hapana, hilo la mwisho usiliandike. Namjua Antoni tangu tukiwa wadogo. Nilijua atafanya nini."

Hilda aliweka kalamu chini. "Dada yangu, kwa kesi hii kipigo kinatosha. Hilo si lazima liingie."

"Liandike, mama. Vedastus asije akawaambia tena kwamba siwezi kusema uongo."

Jumapili alipanda Uru ili baba na Antoni wasisikie habari za kiapo kwa watu. Antoni alikuwa akikatia ng'ombe majani, baba amekaa kwenye kigoda. Akawaeleza yote, hata ule uongo wa jani.

"Umeniandika kwa Wazungu?" Antoni alifoka.

"Nimeandika ulichofanya. Na nilichofanya mimi."

"Basi hapa usikanyage tena! Hata kwenye kaburi la mama usikanyage!"

Redempta aligeuka aondoke. Ndipo baba alipofungua mdomo.

"Hilo jani ulilosema uliniletea," aliuliza, "mbona hukuleta?"

Redempta alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa fimbo; swali lile hakulitegemea. Aliteremka kwa miguu hadi barabara kubwa, na njia nzima alilia kwa sauti kama mtu aliyefiwa. Siku zote alijiambia kwamba mzee angekataa. Hakuwahi kumpa nafasi ya kukataa.

Miezi mitano baadaye uamuzi ulibadilishwa. Redempta aliupata kwa ujumbe mfupi: "Nimepewa hifadhi. Kiapo chako nimekisoma chote. Asante, dada. Usinipigie kwa sasa."

Alimshukuru Mungu kwa moyo wote, kisha akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, akamwachia jirani yake Elinipendo amalizie sketi za watu. Hakupiga simu. Kila Jumapili aliishika, akaitazama, akairudisha mezani.

Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, alinunua mishumaa ya kuwashwa kwenye kaburi la mama, akapanda Uru. Hakuingia. Alisimama njiani, nje ya migomba, akisubiri apite mtu wa kumtuma. Aliyekuja alikuwa baba mwenyewe, anateremka taratibu na fimbo yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akaipokea mishumaa, akaihesabu kana kwamba anatafuta la kusema. Hakuondoka. "Huyo Vedastus," alisema huku akitazama pembeni, "huko aliko anakula nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina lile kinywani mwake tangu siku ya kipigo.

"Sijui, baba. Hataki nimpigie."

Mzee akageuka, akapanda na mishumaa kuelekea kaburini, na Redempta akabaki pale njiani hadi alipomwona anainama kuiwasha.