Marehemu wa Kwenye Insha

Mwalimu Weldon hakuwa mtu mbaya, tuelewane mapema. Miaka kumi na minne alifundisha Kiingereza katika shule moja ya kibinafsi mjini Nakuru, na mwenye shule alipoifunga ghafla, akahamia Kihoto, Naivasha, kwa dadake Jerotich, akawa anafundisha watoto sebuleni. Aliwarekebishia sarufi, akawasahihishia insha, akawasimamisha mbele ya kabati la vyombo wajizoeze kuongea. Ila alikuwa na ugonjwa wa walimu wengi wetu: insha isiyomliza mtu, kwake haikuwa insha. Wanafunzi wake walikariri mazishi kama wengine wanavyokariri hesabu za kuzidisha. Watahini waliyapa alama, naye akaona hiyo ndiyo njia.

Ndipo akaja Umaima, binti ya Jalal fundi viatu. Alikuwa amemaliza gredi ya tisa na kupata nafasi katika shule nzuri ya upili, lakini karo ilikuwa ndoto. Shirika fulani lilikuwa likifadhili watoto, na lilitaka kila mwombaji aandike insha ya Kiingereza kuhusu maisha yake, kisha ahojiwe. Akikosa ufadhili huo, angebaki nyumbani.

Umaima aliandika ukweli wake. Ziwa Naivasha lilipanda, maji yakaingia nyumbani, baba akapoteza vifaa vyote vya kazi, wakahamia chumba kimoja upande wa barabarani. Weldon akasoma, akatikisa kichwa.

"Maji kila mtoto wa Kihoto ataandika. Wewe watakukumbuka kwa nini?" Akachukua kalamu nyekundu, akamzamisha Jalal.

"Lakini Mwalimu, baba yuko," Umaima akasema kwa sauti ndogo.

"Ni insha, mama. Hakuna mtu huzikwa kwenye karatasi."

Wiki mbili nzima akamfundisha mahali pa kushusha sauti, na mahali pa kunyamaza kidogo anapomtaja marehemu babake. Siku ya mahojiano msichana akaongea Kiingereza safi, hata mmoja wa wahoji akafuta macho. Weldon aliposikia hivyo alijivuna, utadhani ni yeye aliyepata ufadhili.

Alichosahau, au tuseme hakutaka kukumbuka, ni kwamba wafadhili hufika nyumbani kuhakikisha. Jumanne asubuhi mama mmoja wa shirika akabisha kwa akina Umaima. Mwanamume akafungua, akampa kiti, akaagiza chai. "Karibu sana," akamwambia. "Mimi ndiye babake Umaima." Yule mama akafungua faili, akasoma, akalifunga. Chai hakuigusa. Siku mbili baadaye ujumbe ukaingia kwenye simu: ombi limekataliwa, mwombaji amedanganya.

Jumamosi Jalal akaja kwa Weldon na nakala ya insha mkononi. "Mwalimu, mimi Kiingereza sikijui. Nisomee kwa Kiswahili."

Jamani, kuna aibu za kumtakia adui, na hii si mojawapo. Weldon akasoma jinsi Jalal alivyorudi ndani ya maji kuokoa vitabu vya binti yake, jinsi majirani walivyompata asubuhi kwenye matope, na jinsi alivyozikwa jioni hiyohiyo. Akawa anasoma akipumzika. Jalal alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Makosa ni yangu," Weldon akasema. "Nitaenda ofisini kwao niwaambie ni mimi niliyeandika."

"Nimetoka huko jana. Nafasi wameshampa mtoto mwingine."

Weldon akainamisha kichwa.

"Nilimuuliza Umaima kwa nini alikubali kuniua," Jalal akasema, akiikunja ile karatasi taratibu. "Akaniambia, 'Baba, si ni wewe ulinileta kwa Mwalimu ukaniambia, lolote atakalokwambia, fuata?' Na ni kweli, Mwalimu. Nilimwambia hivyo."