Sauti Isiyo na Namba

Wakati wa vita nilikuwa nikishika fonie ya zahanati moja ya mji wa Baraka, kando ya ziwa. Simu hatukuwa nazo. Redio hiyo ndiyo ilikuwa mdomo wetu. Kila asubuhi nilifungua salamu: kila kituo cha ziwani, hadi Ubwari, kilitaja namba yake, kikasema ziwa limeamkaje, ndipo kikatoa habari za wagonjwa na dawa. Majina hayakutajwa, maana watu wenye bunduki nao walikuwa na redio zao. Mara mbili tulitangaza mtumbwi wa dawa, mara mbili ukavamiwa njiani.

Basi nikajifanya mlinzi wa hewa. Nilikuwa na daftari la sauti: nani hukohoa kabla ya kusema, nani hubonyeza kitufe mara mbili, nani jogoo wake huwika nyuma. Mgeni akipenya, nilimjua kabla hajamaliza neno. Nilijivuna, sikatai.

Siku moja, salamu zikielekea mwisho, akaingia mwanamume asiyetaja namba. "Amashyo," alisema, akanyamaza kungoja jibu. Hiyo ni salamu ya wafugaji wa milimani, ya kumtakia mtu mifugo mingi. Habari za ziwa hakutoa. Nikamfungia, nikazima redio. Kesho yake akarudi vilevile. Siku ya tatu alisema upesi:

"Mama wa Baraka, usinifungie. Mi naulizia muntu moja tu."

"Taja namba yako!"

"Siwezi, mama."

Nikafunga. Siku hizo, huku chini, mtu wa milimani alikuwa adui hata kabla hajafungua mdomo, na mimi sikuwa bora kuliko wengine. Nilichagua masafa mapya. Sikuyasema hewani, niliyaandika kwenye vikaratasi, vikapelekwa kwa mtumbwi kituo hadi kituo, mkono kwa mkono. Mwenzangu wa Ubwari akanisifu: "Dada, we iko na masikio kweli!" Wiki iliyofuata mtumbwi mwingine ukavamiwa, ingawa mgeni yule hakuwa na masafa yetu tena. Sikutaka kulifikiria hilo.

Kisha muuguzi wetu aliniita nyumbani kwake, akafunga mlango. Katika chumba cha ndani alikaa mwanamke na kichanga. Alikuwa ameshuka kutoka Bibokoboko, kule milimani, kuja kujifungua kwetu, mapigano yakafunga njia nyuma yake. Muuguzi alikuwa amemficha miezi miwili, akiwaambia majirani kwamba ni wifi yake, mgonjwa.

"Mama," akaniuliza yule mwanamke, "hakuna muntu ya kule juu aliita? Bwana yangu alisema atatafuta fonie. Jina yangu hawezi kutaja, batakuja kuniua."

Nilimuuliza angesalimu vipi, ingawa nilishajua.

"Angesema amashyo. Ukimujibu amashongore, anajua anaongea na muntu ya amani. Pale ndiyo ataniulizia."

Nikamwambia ukweli, wote, hadi vikaratasi. Hakunigombeza. Alimhamishia mtoto titi la pili, akaanza kulia bila sauti. Afadhali angenitukana.

Tangu hapo, kila salamu zikiisha, nilirudi kwenye masafa ya zamani, kinyume cha sheria niliyoitunga mwenyewe. "Amashongore," nilisema. "Muntu yako iko muzima. Alizaa mutoto mwanamuke." Kisha nikaachia kitufe na kusikiliza mvumo. Mwenzangu wa Ubwari alilalamika kwamba nachelewa kupokea habari zake. Sikumwambia kwa nini.

Nilifanya hivyo mpaka mama yule alipovushwa ziwa, mtoto mgongoni, na siku nyingi baadaye. Masafa yale yalikuwa safi kabisa, kama nilivyotaka. Hakuna mtu aliyeingia.