Vitabu vya Giza Mbele ya Wanakwaya

Tangazo la Kiswidi la maktaba lilipendekeza vitabu vya giza kwa msimu ambao majani hudondoka. Mimi ndiye niliyetafsiri, nikaandika kwa herufi kubwa: VITABU VYA GIZA KWA VULI. Nina shahada ya isimu.

Mkutubi wa maktaba ya mtaani alikuwa ameniomba nimsaidie kuitangaza rafu ya Kiswahili. Alinieleza bila kuficha kwamba wasipopatikana waazimaji kabla ya Desemba, vitabu vitapelekwa ghalani na nafasi itapewa lugha nyingine. Sikutaka hilo litokee. Nilipokuwa na miaka kumi na tatu, nikimjibu mama kila kitu kwa Kiswidi, riwaya moja ya upelelezi kutoka rafu ile ndiyo iliyonifanya nisome Kiswahili kwa hiari yangu. Nilitaka kujua nani kaua.

Nilikuwa na mashaka na wazo lenyewe la hadithi za kutisha za msimu. Nani aliamua kwamba hofu ina msimu? Lakini ukikaa Stockholm mwezi Novemba, saa kumi alasiri dirisha limeshakuwa jeusi, mwili unakubali kabla ya akili.

Nikabandika bango maktabani, na jingine kwenye ukumbi wa ibada ya Kiswahili. Wiki mbili zikapita bila kitabu hata kimoja kuazimwa. Kisha mama akapiga simu.

"Mwanangu, umejiunga na nini?"

"Kujiunga na nini tena?"

"Watu wanasema unagawa vitabu vya giza. Halafu umeandika vuli, utadhani tunangoja mvua tupande mahindi hapa Norsborg!"

Ndipo nilipoelewa. Kwa watu wanaokemea nguvu za giza kila Jumapili, nilikuwa nimetangaza maktaba ya shetani, tena kwa herufi kubwa.

Ningeweza kubadilisha bango na kuandika "hadithi za taharuki", nikanyamaza. Lakini nani angelisoma bango la pili la mtu yuleyule? Jumapili iliyofuata nikabeba vitabu vitatu hadi ukumbini, nikasubiri chai ya baada ya ibada. Kiongozi wa kwaya, mama wa Kitanzania anayeogopwa hata na mchungaji, alinipima kwa macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hivyo vitabu vyako vina mapepo?"

"Vina polisi."

Meza nzima ikacheka, yeye hakucheka. "Soma tusikie."

Nikachagua riwaya ninayoipenda kuliko zote. Muuguzi anayeishi peke yake anarudi nyumbani asubuhi kutoka zamu, anagusa birika, anakuta bado la moto. Nikasoma polepole. Vijiko vikaacha kugonga vikombe. Muuguzi akasikia maji ya bafuni yakifungwa, nami nikafunga kitabu.

"Endelea," akasema kiongozi wa kwaya.

"Kilichobaki utakisoma maktabani, mama."

"Wewe mtoto una roho mbaya!"

Mzee mmoja wa Kikongo akakichukua kile kitabu kutoka mkononi mwangu, akakigeuza. "Hii iko na maiti ngapi?"

"Moja tu, baba."

"Moja? Basi hiyo ni ya watoto."

Nikampendekezea ya wakili anayepokea barua za vitisho zilizoandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe. Hiyo ina maiti nne, na sura zake za katikati zinachosha kidogo, lakini ukivumilia utalipwa. Kwa wasiopenda damu nikataja ya tatu, ya ndugu wawili wanaogombania nyumba ambayo mlango wake mmoja haufunguki. Mama yangu, aliyekuwa amejificha nyuma ya jagi la chai kwa aibu, akanyoosha mkono. "Hiyo ya mlango ni yangu. Asiiguse mtu."

Jumamosi walikuja maktabani kwa basi, kundi zima, wakiwa bado wanabishana kuhusu bafu la muuguzi. Kiongozi wa kwaya aliongoza foleni na kumshinda mzee wa Kikongo kwa hatua mbili. Hadi tunafunga, mbao za rafu zilikuwa tupu, na wanne walikuwa wameandikisha majina kusubiri riwaya ya birika.

Mkutubi alikuja na fomu ya kuhamishia vitabu ghalani, akaitazama rafu, akaichana fomu vipande viwili. Akaniuliza aagize vingapi vipya. Nikavuta kiti, nikaanza kuandika majina ya vitabu, na sikumuuliza kikomo.