Viatu Kutoka Msumbiji

Gahongayire husikiliza filamu, hazitazami. Mtu anayesuka hawezi kuinua macho. Akiinua, mstari unapinda, na mteja atatembea na upinde huo kichwani mpaka Februari. Kwa hiyo sinema zote zilizopita katika saluni yake Desemba ile alizijua kwa sauti tu. Na sauti ilikuwa moja: ya Valens.

Saluni iko mtaa wa Kabeza, Kigali, chumba kimoja chenye vioo viwili na televisheni iliyofungwa juu ya mlango. Siku za kuelekea Noeli wanawake hujaa humo tangu asubuhi, maana kila mmoja anataka kuingia kanisani na kichwa kipya, na rasta za kusuka vizuri hula nusu siku. Bila filamu wangegombana. Wanapenda zile tunazoziita agasobanuye: filamu ya Kihindi, ya Kichina, ya Kikorea, yoyote ile, lakini juu yake ameketi msimulizi mmoja wa hapa hapa Kigali anayesema maneno ya wote, mume, mke, jambazi, hata mbwa. Mashujaa huwapa majina ya kwetu. Mtu akikimbizwa Shanghai, msimulizi atasema amekatia kona ya Kinyinya. Watu hucheka, lakini wakilia, wanalia kweli.

Valens alikuwa msimulizi wa namna hiyo. Alikulia pamoja na Gahongayire Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, nyumba mbili zilizopakana ukuta, na walipokutana tena Kigali wakiwa watu wazima waliendelea kuzungumza Kiswahili cha utotoni kama watu wanaorudia wimbo. Chumba chake cha kurekodia kilikuwa ng'ambo ya barabara, juu ya duka la simu. Kila akimaliza filamu, alimletea Gahongayire nakala ya kwanza.

Natacha, binti wa Gahongayire, wa miaka kumi na mitano, alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni. Kazi yake saluni ilikuwa kuchovya ncha za rasta kwenye maji ya moto na kumweleza mama yake yale ambayo macho yake hayakuyafikia.

"Sasa wanafanya nini?"

"Wanapanda ngazi, Mama. Yule mwovu ana kovu."

Gahongayire alikuwa na mawazo yake kuhusu sinema hizo. Za Kihindi hakuziamini: ndugu aliyepotea hapatikani kwa sababu ya mkufu shingoni. Za kivita zilimchosha, kelele bila mtu. Alipenda zile ambazo mtu anangoja. Alisema kungoja ndiko kazi ngumu kuliko zote, na hakuna anayeifundisha.

Alijua alichokuwa anakisema. Mumewe, Léonce, aliondoka kwenda Msumbiji kufanya biashara Natacha akiwa darasa la nne. Mwanzo alipiga simu, baadaye akapiga mara chache, kisha kimya. Halafu siku moja Gahongayire alikwenda Kabuga, pembezoni mwa Kigali, kununua nywele kwa bei ya jumla, akamwona mbele ya duka la mikate, amembeba mtoto mabegani, amenenepa, anacheka. Alimfuata kwa mbali mpaka kwenye geti la bluu. Hakubisha. Alipanda basi akarudi, na pale alipoteremkia alikutana na Valens, ambaye alimtazama mara moja tu usoni akamwuliza, "Nani amekufa?" Akamwambia yote.

Alimwambia Valens peke yake. Wengine, hasa Natacha, waliendelea kuambiwa kwamba baba yuko Msumbiji, kazi ni nyingi, njia ni mbali. Kila Noeli mama alinunua viatu mjini, akafuta jina la duka kwenye soli kwa dawa ya kuondoa rangi ya kucha, akamkabidhi mtoto: baba yako amepata mtu wa kumpa, akuletee. Hilo pia alimwambia Valens, na waliposema hayo walicheka kidogo, kwa sababu walikuwa wamechoka kuhuzunika.

Siku mbili kabla ya Noeli, Valens alileta filamu mpya ya Kikorea.

"Hii ni ya kwako hasa," alisema mlangoni. "Ya kungoja. Sijawahi kusimulia hivi."

Alasiri saluni ilikuwa imejaa. Chini ya mikono ya Gahongayire alikaa Mukandekezi, muuza vitenge, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwahi kufunga duka. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imesukwa, nusu imesimama.

Filamu ilianza polepole. Mwanamke, mtoto wa kike, mji wa theluji. Mume yuko ng'ambo ya bahari, alisema Valens. Gahongayire alisikiliza akisuka. Kisha sauti ikashuka, ikawa laini, ikawa ya mke huyo, ikasema:

"Ng'ambo gani! Mume mwenyewe yuko Kabuga. Basi moja tu, wapendwa. Nimemwona amembeba mtoto wa mwanamke mwingine mabegani, ananunua mkate."

Wanawake waliangua kicheko kwa lile la Kabuga.

"Yewe! Kabuga!" alisema Mukandekezi. "Nipeni mimi huyo bwana, nimtie adabu kwa maji haya ya moto."

"Na huyu mke ni mjinga," alidakia mwingine kutoka kwenye benchi. "Amemwona, akanyamaza?"

Valens aliendelea. "Na mtoto wangu nimwambie nini? Nitamnunulia viatu. Nitafuta jina la duka kwa dawa ya kucha, nitasema, mwanangu, baba amekutumia."

Sasa hakuna aliyecheka. Mtu alivuta makamasi. Mikono ya Gahongayire ilisimama, na kwa mara ya kwanza Desemba ile aliinua macho kutazama. Mwanamke wa Kikorea alikuwa amesimama dirishani, anaangalia theluji. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Hakuwa anasema neno lolote.

Gahongayire aligeuka. Natacha alikuwa ameshika beseni la maji, haangalii televisheni. Aliangalia viatu miguuni mwake.

"Ndiyo maana vilinuka saluni," alisema taratibu.

Aliweka beseni chini bila kumwaga hata tone, akatoka.

"Mama Natacha, unaniumiza," alisema Mukandekezi, maana vidole vilikuwa vimeng'ang'ania nywele zake. Halafu alimtazama kwenye kioo, na mdomo ule ukafunga duka. Saluni nzima ilielewa. Gahongayire alifungua vidole kimoja kimoja, akavuka barabara na kitana mkononi.

Valens alikuwa amevaa vile vyombo vya masikioni. Alivivua akitabasamu.

"Wamelia?"

"Wamelia."

"Nilijua! Sha, yule mwanamke anakaa dirishani muda mrefu, hasemi kitu. Watu wa hapa hawavumilii kimya, watasema msimulizi amelala. Ilinibidi nimpe maneno."

"Ukampa yangu."

"Sikutaja jina lako."

"Umetaja Kabuga. Umetaja dawa ya kucha. Natacha alikuwepo, Valens."

Tabasamu liliondoka, lakini si lote. Hilo ndilo aliloliona, na hilo ndilo lililomkata zaidi kuliko maneno: kwamba chini ya aibu yake bado kulikuwa na fundi aliyefurahia kazi yake.

"Nilikutetea," alisema. "Nimekufanya mtu wa heshima. Ukisikiliza mpaka mwisho..."

"Ifute."

"Iko mitaani tangu asubuhi. Kila kibanda kina nakala."

"Nilikuambia wewe," alisema Gahongayire. "Wewe, mtoto wa ukuta mmoja. Sikuiambia Kigali."

Alimwona anatafuta jibu, mtu ambaye alikuwa na maneno ya kila kinywa duniani. Hakumngoja alipate.

Alimkuta Natacha kwenye kituo cha basi. Alikuwa peku, viatu vya mwaka jana vilikuwa pembeni yake juu ya ukingo wa barabara, vimepangwa vizuri, kama vya mgeni mlangoni.

"Unaijua nyumba ya Baba?"

"Naijua."

"Nionyeshe."

"Natacha, keshokutwa ni Noeli. Tuache sikukuu ipite."

"Valens anajua. Mukandekezi anajua. Mimi ndiye wa mwisho." Alimkazia mama yake macho. "Baba alitudanganya mara moja tu, akaenda zake. Wewe umenidanganya kila Noeli, huku unaniangalia nikivivaa."

 Basi la Kabuga lilipofika, Gahongayire alipanda kwanza. Natacha alipanda nyuma yake akakaa kiti kingine. Viatu vilibaki ukingoni.

Kabuga jua lilikuwa bado liko juu ya mabati ya soko. Mama alitangulia mpaka mwanzo wa uchochoro, akasimama.

"Geti lile la bluu. Nitakwenda nawe, nitamweleza..."

"Hapana. Usinielezee kitu tena. Kaa hapa."

Gahongayire alimwacha aende. Alimwona akibisha kwa kiganja, mara moja, kisha tena. Geti lilifunguka nusu, na Léonce akatokeza amevaa kandambili, kitambaa cha jikoni begani. Aliuliza jambo. Natacha alijibu kwa neno moja, na kutoka pale alipokuwa Gahongayire aliona kwamba neno hilo lilikuwa jina la Natacha mwenyewe, na kwamba ilibidi alirudie.

Kutoka ndani sauti ya mwanamke iliuliza ni nani.

"Hakuna mtu!" Léonce aliita kwa nguvu, akatoka nje haraka na kulivuta geti nyuma yake, mpaka likalia.

Natacha alibaki amesimama peku mbele yake. Na Gahongayire, aliyeambiwa akae, alianza kutembea kuelekea geti la bluu.