Dawa ya Kupe Kwenye Tangi la Hajji

Nimekosa, na sitafuti wa kumsingizia. Niliua samaki wanne wa mtu aliyekuwa anakaribia kuwa mkwe wangu. Niliwaua nikiwatibu, na cheti cha kutibu hata kuku sina.

Mimi nauza dawa za mifugo Busia, upande wa Uganda. Wateja wangu wa Masaba wananiita daktari. Si daktari, jamani! Nilisomea umeme, tena sikumaliza. Lakini mtu akikuita daktari kila asubuhi, mwisho unaitika.

Basi nikapeleka posa Tororo, kwa kina Zaituni. Baba yake, Hajji, ana malori, na sebuleni ana tangi la kioo lenye samaki wanne wekundu anaowapenda kuliko hayo malori. Hata chai sijamaliza, akaniita.

“Daktari, kuja ona hii samaki yangu. Iko na madoa nyeupe hapa kwa mashavu. Tena iko nakimbiza mwenzake tangu juzi, hapana pumzika.”

Ningesema tu kwamba sijui. Lakini wazee wangu wa posa walikuwa wananitazama! Nikainama, nikakodoa macho, nikatikisa kichwa kama mtu aliyeona mengi.

“Kupe wa maji, Hajji.”

Kupe wa maji! Wallahi hata mimi ndiyo kwanza nilisikie jina hilo. Nikaeleza kwa kirefu kwamba samaki anawashwa, ndiyo maana anamfuata mwenzake ajikune kwake. Mzee mmoja akadakia kwamba kwao Nagongera kupe hao wamejaa.

Kesho yake nikarudi na dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe. Zaituni akasoma chupa.

“Mbona wameandika isimwagwe mtoni, inaua samaki?”

“Kwani hapa kuna mto?” nikamjibu, tena kwa kiburi. Nikamwaga kifuniko kimoja.

Kabla ya adhuhuri wote wanne walikuwa wanaelea, matumbo juu. Hajji alilia, mtu mzima yule. Halafu akanishika mkono. “Daktari, umejaribu. Ile kupe ilikuwa kali.” Heri angenipiga!

Nikavuka hadi Busia ya Kenya kutafuta samaki wa kufidia. Nikamweleza muuzaji yale madoa. Akacheka mpaka akakaa chini.

“Bro, hiyo si ugonjwa! Dume ya hao samaki ikiwa tayari kupata bibi inatoa vipele vyeupe kwa mashavu, inafukuza jike siku mzima. Hiyo ni afya!”

Ole wangu! Nilikwenda kuposa, nikamuua mposaji mwenzangu.

Nikamwambia Zaituni ukweli, nikamsihi baba yake asijue. Nilidhani atacheka. Akaniuliza, “Siku mtoto wetu akiugua, utaniambia hujui, au utautungia ugonjwa jina?” Akasema posa isimame mpaka nikamwambie Hajji kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ndugu zangu, ukiulizwa usichokijua, kiri hujui, hata kama wakwe wamekutolea macho. Aibu yake ni ya dakika moja. Mimi niliikimbia, na sasa ni mwezi wa tatu Zaituni hapokei simu zangu. Leo nimewaungamia ninyi nyote msionijua. Tororo bado sijaenda.