Shikamoo Niliyoibana

Naandika kwa sababu kwa mdomo siwezi, aibu itaniua. Wiki hii mwalimu wa uraia alitufundisha kwamba nchi jirani zinakubaliana kufunguliana milango ya huduma, na hata msusi wa Zambia anaweza kuja kufanya kazi hapa Sumbawanga. Nikaiwaza saluni ya mama, ndiyo inayotulisha.

Jumamosi mama akiwa uani anaanua taulo, akaingia mwanamke mwenye lafudhi ya Mbala, ng'ambo ya mpaka. Akahesabu viti. Akauliza wateja huja wangapi. Akapiga picha misuko iliyobandikwa ukutani. Nikasema moyoni, ndiye huyu. Hata shikamoo sikumpa.

"Fundi yuko wapi, mwanangu?"

"Amehamia Laela. Kusuka ameacha."

"Jamani! Nami nilitaka aje saluni kwangu Mbala awafundishe wasichana wangu. Nauli na malazi juu yangu."

Kabla sijameza mate, pazia la nyuma likafunguka. Mama, taulo begani, macho kwangu.

"Laela nimehamia lini, wewe?"

Nilichoweza kutamka ni shikamoo, na sikujua nampa nani kati yao.