Dawa ya Wanaume, Tumbo la Mama

Sauti ndiyo iliyofika kwanza. Kabla hujaona bati la kwanza la soko la Mbumbuni, ulikuwa umeshasikia spika mbili zilizofungwa kwa kamba juu ya gari kuukuu, na mwanamume mwenye sauti ya kukwaruza akitaja magonjwa ya watu bila kupumua. Kisha ikaja harufu: mizizi iliyosagwa, magome, kitu kama tangawizi iliyooza, vyote vikichanganyika na vumbi la ndengu tulizokuwa tukipepeta. Mimi na mama tulikaa hatua kumi kutoka kwa gari hilo kila siku ya soko, gunia letu la ndengu mbele yetu, na ndiyo maana nikiwa na miaka tisa nilijua kwa Kiswahili mambo ambayo sikuwa nimewahi kuyasikia kwa Kikamba. Nguvu za kiume. Kisonono. Mama kukosa mimba.

Kilichonishangaza ni wanunuzi. Nilitafuta mgonjwa kati yao nikamkosa. Hakuna aliyechechemea, hakuna aliyekohoa. Wazee wa kanisa letu walisimama kwa muuza sufuria wa jirani, wakaigeuzageuza sufuria ileile mpaka tangazo likaisha, halafu mmoja mmoja wakapita nyuma ya gari na kutoka na kitu kimefungwa kwa gazeti. Nikamuuliza mama wale wanaumwa wapi. Akanifinya sikio. Jioni nikamuuliza susu, nyanya yangu, ambaye alikuwa amezaa watoto tisa na hakuogopa mtu. Alicheka mpaka akashika ukuta.

“Ukimwona mtu amenunua hiyo dawa,” akasema, “muulize mke wake kama ndiye aliyemtuma.”

Basi nikaanza kutega masikio. Kumbe jambo hilo lilikuwa kila mahali. Pasta alihubiri juu ya sketi za wasichana Jumapili tatu mfululizo. Kwenye foleni ya maji wanawake walijua ni nani ameolewa miaka minne na bado hana mtoto, na walijua pia, bila kupima mtu, kosa ni la nani. Redioni wanaume walipiga simu wakaomba ushauri, na baba akaongeza sauti huku akijifanya anatafuta habari. Watu wazima hawakuwa na hamu ya kitu kingine. Lakini mwili wenyewe, yaani nyama na damu, ukiuma unafanya nini, hapo kila mtu alikuwa bubu. Mimi nilitaka kujua kwa nini. Bado nataka.

Ni msimu huohuo mama alipoanza kuugua. Tulifua kwenye mto uliokauka, mahali wanawake wanapochimba mchanga mpaka maji yatoke, na mama akaanza kuchimba kisima chake mbali na wengine. Mimi ndiye niliyemchotea maji. Niliona vitambaa alivyokuwa anafua, na niliona kwamba vilikuwa vingi, na kwamba wiki iliyofuata alifua vingine. Nilipouliza, nilitumwa nikafunge mbuzi. Kwa akina mama wa ushirika alisema ni tumbo, kwa sababu tumbo linatajika mbele ya watu. Wakaja na uji na majani ya mwarobaini, wakamwekea mikono tumboni wakaomba kwa machozi. Walimpenda kweli. Waliombea mahali pasipouma.

Dispensari nilipelekwa kama mkalimani. Daktari aliyeletwa mwaka huo alikuwa wa upande wa ziwa, hajui Kikamba, na Kiswahili cha mama kilikuwa cha kuuzia ndengu tu. Daktari akaniambia nimuulize kama anatokwa na damu isiyo ya kawaida. Nikauliza. Mama hakuniangalia.

“Mwambie ni tumbo.”

“Mwaitu, mama, lakini vile vitambaa…”

“Mwende,” akaniita kwa jina langu. “Mwambie ni tumbo.”

Nikamwambia ni tumbo. Tukarudi nyumbani na vidonge vya vidonda vya tumbo na onyo la kutokula pilipili, na mama akaacha pilipili kwa miezi saba.

Safari ya pili sikumngoja. Daktari hakuwa amemaliza kutusalimu nikasema yote kwa Kiswahili nilichofundishwa na ile spika: anatoka damu, ni nyingi, haikomi, ana maumivu sehemu za siri. Mama alielewa maneno matatu ya mwisho. Alinipiga kofi hapohapo mbele ya daktari, na hakusema nami njia nzima hadi hospitali ya mji wa Wote tulikotumwa. Huko walimwambia ni saratani ya mlango wa kizazi, na imeshasambaa. Alizikwa kabla ndengu hazijakomaa. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Kwenye mazishi waliposoma historia ya maisha yake, walisoma kwamba aliugua tumbo kwa muda mrefu, na wazee walewale wa sufuria wakatikisa vichwa kwa huzuni.

Mimi sasa nina ishirini na tisa, ninaishi Emali na nina binti wa miaka sita. Matangazo ya dawa ya wanaume siku hizi yananifuata mpaka kwenye simu. Kipimo cha ugonjwa uliomuua mama kinafanywa dispensari ya hapa karibu, na nilipoenda kupimwa nilikuta benchi tupu. Nilikasirika kiasi kwamba kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, mwenyekiti alipouliza mbona nimechelewa, nilijibu kwa sauti: nimetoka kupimwa mlango wa kizazi. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuja kutufungulia mkutano alikohoa. Mwenyekiti akaomba tuendelee na ajenda.

Baadaye nikiosha vikombe, Mama Kioko, ambaye huongoza maombi na ambaye sijawahi kumsikia akinong'ona, alisimama karibu yangu akanong'ona.

“Inauma?”

“Kidogo. Ni dakika tano.”

Akaanika vikombe vitatu. “Kesho unafanya nini?”

Kesho yake nilimkuta kwenye benchi la dispensari, amefika kabla yangu, amevaa nguo zake za Jumapili, na kiondo amekikumbatia. Nesi alipomuuliza anasumbuliwa na nini, mlango ulikuwa bado wazi. Akamjibu kwa Kikamba, jambo moja baada ya jingine, na kwa nilivyosikia, yalikuwa yamemsumbua tangu mwaka uliopita.